Deni zimekulemea Kenya? Soma hii kabla hujakimbia kortini kujitangaza mufilisi

Swali linakuja hivi kila mara: "nikijitangaza mufilisi deni zote zinafutwa, si ndio?" Jibu ni ndio, lakini sio vile unafikiria. Sheria iko, inaitwa Insolvency Act ya 2015, ilikuja kutoa ile ya zamani ya kufilisika ambayo mtu mwenye deni alionekana karibu mwizi, na hii mpya imeweka milango kadhaa ya kutokea, sio mmoja. Shida ni kwamba karibu kila mlango unataka makaratasi na pesa kutoka kwa mtu aliyekuja pale kwa sababu hana pesa, na wengine hata hayo makaratasi hawana, yalibaki kwa nyumba yenye landlodi alifunga na kufuli yake. Unalipa ndio utangazwe huna. Jua hivyo mapema usije ukafa moyo ukiwa katikati.

Mimi si wakili. Nimekuwa karani kwa ofisi ya wakili miaka mingi, yule wa kupiga chapa, kupeleka faili na kuambia wateja loya ametoka kidogo. Nimeona wenye walitoka kwa deni na wenye walizama zaidi, na tofauti yao mara nyingi haikuwa ukubwa wa deni, ilikuwa ni nani alianza mapema na nani alikuwa anaficha.

Wiki ya kwanza: acha kukopa na uandike

Najua Fuliza, ile ya kukopa ndani ya M-Pesa, iko hapo, najua unakopa apu moja kulipa ingine. Acha leo. Sio kwa sababu ya tabia njema, ni kwa sababu ya sheria: mtu anayekopa akijua kabisa hawezi kulipa halafu anakuja kuomba afutiwe, hiyo tarehe ya mkopo wa mwisho ndio watamuuliza kwanza. Deni ulilopata kwa udanganyifu halifutwi hata ukitangazwa mufilisi, kwa hivyo kama ulijaza kwa fomu ati unapata mshahara wa laki moja na uko bila kazi, hiyo itakufuata mpaka mwisho.

Chukua daftari. Andika kila mtu unadaiwa naye, hata chama, hata yule shailoki wa sokoni, hata shemeji. Kwa kila mmoja andika ulikopa ngapi, umelipa ngapi, wanadai ngapi sasa, uliweka nini kama dhamana, na nani alikudhamini. Hapa watu wengi wanashtuka, wengine vibaya, wengine vizuri, maana unakuta deni ulilokuwa unaliogopa usiku ni dogo kuliko penalti zake.

Halafu toa ripoti yako ya CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za mikopo ya watu. Ziko tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila mmoja, na usishangae ukikuta mkopo huujui au mkopo ulilipa zamani na bado unaonekana haujalipwa. Andika barua ya kulalamika kwa hiyo CRB na kwa mkopeshaji, weka nakala. Kanuni za 2020 zinasema mkopeshaji anapaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuweka vibaya, na deni la chini ya Sh1,000 halifai kukupeleka huko kabisa.

Na kuna watu mitandaoni wanasema watakusafishia CRB kwa 2,000 tuma kwa hii namba. Ni wezi. Hakuna mtu wa nje anaweza kufuta hiyo kitu, inabadilishwa na mkopeshaji mwenyewe kupitia CRB, na hata ukilipa, rekodi mbaya inakaa miaka 5 kuanzia siku ulimaliza kulipa, ila sasa itaonyesha imelipwa. Hao hao ndio wako na "loni ya kulipa loni, lipa processing fee kwanza". Wewe tayari umeumia, usilipie wengine sherehe.

Jua nani anaweza kukufanya nini

Hii sehemu ndio ningetaka watu wasome mara mbili, kwa sababu hofu ya vitu ambavyo haviwezi kutokea ndio inafanya mtu alipe apu ya Sh3,000 huku anaacha benki yenye iko na title ya shamba.

Apu za simu. Wanapiga saa kumi na moja asubuhi, wanatukana, wanasema polisi wako njiani. Deni la kawaida ni kesi ya madai, sio ya jinai, polisi hawaji kukushika kwa sababu ya mkopo wa simu. Kitu kinaweza kuleta polisi ni cheki ya uongo au kupata pesa kwa kudanganya, basi. Kupigia watu wa fonbuku yako kukuaibisha pia imekatazwa na kanuni za Benki Kuu za wakopeshaji wa kidijitali za 2022, pamoja na vitisho, matusi na kuanika habari zako. Wakifanya hivyo piga skrinshoti, rekodi tarehe na namba, peleka kwa Kamishna wa Data, yaani ODPC, na pia Benki Kuu. Sio maneno matupu, Septemba 2023 ODPC iliipiga Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa mambo ya kutumia namba za watu kusumbua. Na angalia kama hiyo apu iko kwa orodha ya wenye leseni, Benki Kuu huiweka kwa tovuti yao.

Lakini usinielewe vibaya, deni la apu ni deni. Anaweza kukupeleka Small Claims Court, hiyo korti inachukua kesi mpaka milioni moja na inafaa kumaliza ndani ya siku 60, na akishinda anapata hukumu. Hukumu ndio inaleta dalali.

Dalali. Huyu akija kwa sababu ya hukumu lazima awe na waranti ya korti na leseni. Siku ya kwanza hachukui kitu, anaandika tu vitu vyako kwa fomu, na kuanzia hapo una siku 7 kabla abebe. Hizo siku 7 ndio watu wanapoteza wakilia badala ya kukimbia kwa mdai kuongea au kwa korti kuomba kulipa kwa awamu. Nguo zako, vyombo vya kupikia, kitanda na malazi, na vyombo vya kazi ya mikono haviguswi. Kama TV ni ya dada yako, dada mwenyewe aende kortini na risiti apinge, wewe kusema tu "hiyo si yangu" mlangoni hakusaidii, dalali amesikia hiyo kutoka kila nyumba ameingia.

Benki yenye iko na title. Hapa ndio pa kuogopa kweli. Lakini pia hawauzi kesho. Sheria ya ardhi ya 2012 inataka notisi ya siku 90, halafu ingine ya siku 40 ya kusema wanauza, halafu kanuni za madalali zinataka dalali atoe yake ya siku 45, na lazima shamba lipigwe bei upya kabla ya kuuzwa. Likiuzwa kwa bei ya chini kuliko asilimia 75 ya soko, sheria inaanza kwa kudhani benki haikufanya kazi yake vizuri na una mlango wa kulalamika. Kama ni nyumba ya familia na bibi au bwana hakuweka sahihi ya kukubali iwekwe rehani, hilo ni jambo kubwa, ambia wakili siku ya kwanza sio siku ya mnada. Nimeona mtu amekuja na notisi zote tatu kwa bahasha hazijafunguliwa. Hazijafunguliwa! Alikuwa anaogopa kusoma. Kila bahasha ilikuwa miezi ambayo angeuza mwenyewe kwa bei nzuri abakishe kitu.

Kuuza mwenyewe, by the way, mara nyingi ni bora kuliko kungoja. Andikia benki waambie unatafuta mnunuzi, omba barua ya kukubali.

Mwajiri. Makato yote kwa payslipi hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara, hiyo iko kwa Employment Act. Ukiona unabakishwa na mia tano mwisho wa mwezi kuna mtu amevunja sheria, enda HR na hiyo payslipi.

Jela ya madai. Hii iko bado, watu wanafikiria ilifutwa. Mdai akiwa na hukumu anaweza kuomba uitwe kortini ueleze kwa nini usifungwe, na ukikosa kuenda ndio wanatoa waranti ya kukushika. Kuenda ndio dawa. Ukifika na ukaonyesha kipato na matumizi na ukasema unaweza ngapi kwa mwezi, korti kwa kawaida inasikiza, kwa sababu hiyo jela ni ya mtu mwenye anaweza kulipa na amekataa, sio ya maskini. Mwisho ni miezi 6 na mbaya zaidi ukitoka deni bado liko.

Kata penalti kabla hujakata tamaa

Kama deni ni la benki, kuna sehemu ya sheria ya mabenki, 44A, ilianza kazi Mei 2007, na wateja wengi hawaijui. Mkopo ukishaharibika, riba haiwezi kupita lile deni lenyewe lililokuwa limebaki siku ulipoharibika. Chukua mfano, ulikopa 200,000, ukalipa vizuri mpaka ikabaki 150,000 kisha ukashindwa. Benki inaweza kudai hiyo 150,000, riba ya juu kabisa 150,000, na gharama za kufuatilia. Ikikuletea 480,000 uliza hizo zingine ni za nini, omba stetimenti yote tangu mwanzo, kwa maandishi. Kuna watu deni limerudi nusu kwa barua moja tu.

Pia angalia umri wa deni. Mkataba wa kawaida mdai ana miaka 6 kukushtaki. Deni la 2014 ambalo halijawahi kuenda kortini na hujawahi kulikubali kwa maandishi wala kulipa kidogo, usilipe mia tano ya kumtuliza kabla hujaongea na wakili, maana hiyo mia tano inaweza kufufua deni lote.

Kisha andika. Usipige simu, andika. Kwa simu mtu wa koleksheni atakufanya uahidi kitu huwezi. Kitu kama hivi kinatosha:

"Naitwa fulani, akaunti namba fulani. Kipato changu kimeshuka tangu mwezi fulani na nimeweka ushahidi. Naweza kulipa Sh4,000 kila tarehe 5 kuanzia mwezi ujao. Naomba msimamishe penalti tukiwa tunalipa hivi na mnijibu kwa maandishi."

Usiweke namba ya kuwafurahisha. Weka namba ambayo hata mtoto akiugua utaweza. Ukiahidi 10,000 na ukalipa mara moja ukakosa, umejiharibia, na hiyo barua yako itakuja kusomwa kortini kuonyesha wewe si mtu wa kuaminika.

Na pensheni, tafadhali. Pesa yenye iko bado ndani ya skimu ya kustaafu wadai hawawezi kuifikia. Ukishaitoa ikaingia kwa akaunti yako, ni pesa kama ingine. Watu wanaacha kazi ndio watoe pensheni walipe mashailoki, na mwaka ukiisha hawana kazi, hawana pensheni, na shailoki bado anapiga.

Wadhamini wa sacco

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo undugu unaisha. Ukishindwa kulipa sacco, kwanza wanakula deposit zako, zikiisha wanageukia wale waliokudhamini, na hawa sio benki, ni watu wa kazini, mwalimu mwenzako, jirani, shangazi. Na hata ukitangazwa mufilisi na deni likafutwa kwako, mdhamini hafutiwi. Yeye anabaki nalo. Hii ndio kitu hakuna mtu huambiwa wakati anafurahia ati amepata njia.

Kwa hivyo waambie kabla sacco haijawaandikia. Nenda kwake, usitume meseji, mwambie hali iko hivi, nimeomba sacco irefushe muda, sitaki ujue kwa payslipi. Atakasirika, ni haki yake. Halafu enda sacco muombe mkopo upangwe upya kwa miaka mingi zaidi, sacco nyingi hukubali kwa sababu wao pia hawataki kugombana na wanachama watano kwa sababu ya mmoja. Kama una uwezo wa kulipa deni moja tu kikamilifu mwezi huu, mimi ningesema ni hili, kabla ya apu yoyote. Kuna mawakili watabishana na mimi kwa hiyo, sawa.

Sasa milango yenyewe ya sheria

Umeandika, umejadili, bado haiwezekani. Kabla ya kufilisika kamili kuna njia tatu ndogo, na nashangaa vile hazijulikani.

Ya kwanza ni ya mtu asiye na mali kabisa. Hii inapitia ofisi ya Official Receiver, afisa wa serikali wa mambo ya kufilisika ambaye yuko chini ya Business Registration Service, sio kortini. Deni zako zote lazima ziwe kati ya 100,000 na milioni 4, usiwe na mali ya kuuza, usiwe na kipato cha kulipa hata kidogo kulingana na kipimo chao, na usiwe umewahi kufilisika au kutumia hii njia hapo awali. Ukikubaliwa, baada ya miezi 12 unatoka na hizo deni zimeisha. Ukificha kitu, hata pikipiki iko kwa jina la ndugu lakini wewe ndio unaendesha na kulipia, unatupwa nje na unarudi penye ulikuwa.

Kwa mtu amefutwa kazi, hana shamba, hana gari, anadaiwa laki saba na apu na benki, hii ndio njia yake ya kwanza kuuliza. Na cha kushangaza wengi wanaenda kwa wakili wanaambiwa moja kwa moja kesi ya kufilisika High Court, maana hiyo ndio ina ada.

Ya pili ni kulipa kwa awamu kwa amri, pia kwa Official Receiver. Hii ni ya mtu ana kipato kidogo, deni sio kubwa sana, anataka tu watu waache kumvuta kila upande na alipe wote pamoja kidogo kidogo kulingana na nguvu yake.

Ya tatu ni makubaliano na wadai wote chini ya usimamizi. Unatafuta msimamizi mwenye leseni ya mambo ya ufilisi, unaweka pendekezo, korti inaweza kutoa amri ya kukukinga kwa muda ili mtu asikuuzie wakati mnajadili, halafu wadai wanapiga kura. Inafanya kazi vizuri kwa mfanyabiashara ana mali na kipato lakini amebanwa. Kwa mtu wa kawaida ada ya huyo msimamizi ndio kizuizi.

Ukiamua kufilisika kamili

Unaomba High Court, wewe mwenyewe kama mdaiwa. Au mdai anakuombea, anaanza na barua ya madai ya kisheria na unapewa siku 21. Ukipata hiyo barua usikae nayo, kama deni lina ubishi hizo siku 21 ndio za kuomba korti iifute.

Ombi lako linaenda na hati ya kiapo na taarifa ya hali yako ya fedha: mali zote, deni zote, jina la kila mdai na kiasi chake, kipato, matumizi. Sasa lile daftari la wiki ya kwanza ndio linakuokoa. Ongeza stetimenti za benki na M-Pesa, barua ya kufutwa kazi kama iko, mkataba wa nyumba, risiti za shule na hospitali. Kuna ada ya korti, kuna pesa ya kuweka kwa Official Receiver, kuna matangazo ya gazeti na Gazeti Rasmi la Kenya. Ndio, jina lako linachapishwa. Mama yako anaweza kuliona, mchungaji pia. Kama unadhani hii ni siri, haiko hivyo, ambia watu wako kabla wasome.

Halafu kuna kungoja. Unaenda siku ya kesi kutajwa, jaji yuko likizo, unapewa tarehe ya mbele. Unarudi, mdai mmoja hakupata karatasi, tarehe ingine. Faili sasa ziko kwa mfumo wa e-filing na siku zingine mfumo umelala. Wakati huo wote hujalindwa bado, wadai wanaendelea, ndio maana unaambiwa usikuje dakika ya mwisho dalali akiwa na lori nje. Na jaji anajua hiyo pia, ukikuja na ombi siku moja baada ya waranti ya kukushika kutoka, kitu cha kwanza anafikiria ni kwamba unatoroka hukumu. Majaji wetu wamekataa maombi mengi kwa hilo: mtu ana mshahara, ana deni moja tu, hajaonyesha amejaribu kulipa, anataka tu kutumia sheria kama mwavuli. Wanasema wazi kufilisika si njia ya kukwepa hukumu.

Kwa hivyo kwa kiapo chako onyesha historia. Nilikopa hivi, nililipa mpaka hapa, kazi iliisha tarehe hii, niliandikia wadai hizi barua, hawa walikubali, hawa walikataa, niliuza gari nikalipa huyu. Ukiwa na hizo barua, ombi linasomeka tofauti kabisa.

Na usihamishe kitu. Narudia, usihamishe shamba kwa jina la mtoto, usimpe ndugu gari, usimlipe rafiki deni lote ukaacha wengine. Mtu atakayesimamia mali yako ana nguvu ya kurudisha hizo zawadi na hayo malipo, na kuficha mali ni kosa la jinai. Hapa sasa ndio polisi wanaweza kuja kweli.

Baada ya amri kutoka

Kesi za wadai wa kawaida zinasimama, simu zinapaswa kuisha. Zisipoisha tuma namba ya kesi tu, usibishane. Lakini mwenye dhamana, benki yenye title au kampuni yenye logbuku, bado anaweza kuchukua dhamana yake. Pesa ya malezi ya mtoto iliyoamriwa na korti pia haifutwi.

Mali yako inaenda kwa msimamizi, isipokuwa vitu vya lazima vya nyumbani na vyombo vya kazi. Na sio ya leo tu: ukirithi shamba la mzee kabla hujaachiliwa, linaingia huko pia. Hiyo mzungumze nyumbani mapema, kabla ya mzee kugawa.

Huwezi kuwa dairekta wa kampuni bila ruhusa. Huwezi kutoka nchini bila ruhusa, kwa hivyo kama una mpango wa kazi ya Qatar au Saudi, tafuta kwanza ushauri kabla hujaomba kufilisika, watu wamekwama kwa hiyo. Siasa pia sahau, Katiba inakataza mufilisi ambaye hajaachiliwa kuwa mbunge au MCA.

Lazima upeleke kwa msimamizi taarifa yako kamili ya fedha. Hii fanya haraka sana, kwa sababu ile miaka 3 ya kuachiliwa moja kwa moja inaanza kuhesabiwa siku umewasilisha hiyo taarifa, sio siku jaji alitoa amri. Kuna mtu anaweza kukaa mwaka mzima akidhani saa inaenda, na haijaanza hata. Peleka, wacha wapige muhuri wa kupokea kwa nakala yako. Na usidhani ni lazima tu uachiliwe, msimamizi au mdai anaweza kupinga kama hukushirikiana.

Kwa mambo ya pesa ya wakili, kabla ya kuuza friji, piga hodi Kituo cha Sheria au National Legal Aid Service, uulize kama wanaweza kukusaidia bure. Wanaangalia hali yako, foleni ni ndefu, beba makaratasi yote siku ya kwanza.

Ukishaachiliwa, omba karatasi ya kuthibitisha, chapisha nakala, peleka CRB zote tatu na kwa kila mdai aliyekuwa kwa orodha, kwa imeli na kwa mkono. Wengine watakupigia tu mwaka ujao wakidai deni lile lile, mara nyingi ni kampuni ya koleksheni imeuziwa orodha ya zamani na haijui kitu. Watumie hiyo karatasi na namba ya kesi, na wakirudia mara ya pili, hiyo sasa ni malalamiko ya ODPC na nakala kwa wakili.